Mpishi Anayeonja kwa Ncha ya Kijiko

Saa nne kasoro robo asubuhi, Mama Mwiko ameinama juu ya sufuria ya maharage ambayo mtoto wa miaka mitano angeweza kuogea ndani yake. Anachota mchuzi kwa kijiko cha chai, anaupuliza mara mbili, anaugusa kwa ncha ya ulimi. Unaobaki anaumwaga kwenye bakuli la plastiki kando ya jiko. Anafumba macho kidogo.

"Chumvi bado," anasema, na mkono mwingine tayari uko kwenye kopo la chumvi.

Sufuria ziko tisa. Ikifika saa sita na nusu, wafanyakazi mia tatu na ishirini wa kiwanda cha nguo watapanga foleni kwenye dirisha la jiko hili, na hakuna hata mmoja atakayevumilia wali ulioungua. Mama Mwiko, mwenye umri wa miaka arobaini na mmoja, amewalisha kwa miaka kumi na tatu. Jina hilo la utani alipewa na watu wa idara ya kukata vitambaa, kwa kuwa mwiko wake una urefu wa mpini wa jembe, naye hamwazimi mtu.

Mgeni hawezi kujua kwamba mwanamke huyu anayewashibisha watu wote hao ana mfuko wa chakula ambao, kwa maelezo yake mwenyewe, "unatosha yai moja na adabu kidogo."

Mwaka mmoja na miezi miwili iliyopita alifanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, na sehemu kubwa ya mfuko huo ikaondolewa. Aliingia hospitali na kilo mia moja thelathini na tisa. Leo ana themanini na sita. Presha imeshuka, na magoti yaliyokuwa yakimliza kwenye ngazi yamenyamaza.

"Siku hizi napanda ngazi huku naongea," anasema na kucheka kicheko kinachosikika hadi stoo. "Zamani nilikuwa nachagua, ama nipande, ama niongee."

Leo, hata hivyo, hajatulia. Kila baada ya dakika chache anachungulia mlango wa nyuma. Anamngoja mshonaji mmoja wa kiwandani humo, mwanamke wa miaka thelathini na minne, ambaye keshokutwa, Alhamisi, anatakiwa kufanyiwa upasuaji uleule. Wote wawili wako kwenye kikundi cha waliofanyiwa na wanaosubiri kufanyiwa, na Mama Mwiko ndiye mwenza wake wa kumwongoza. Tangu Jumamosi mshonaji hapokei simu.

Saa nne kamili, wakati wa mapumziko, anatokea. Vipande vya uzi vimemganda begani.

"Dada, nimeamua," anasema hata kabla ya salamu. "Nakwenda. Ila nyumbani nimewaambia nina semina ya kazi ya siku tano."

Mama Mwiko anaweka mwiko chini. Wanaofanya naye kazi wanasema hilo si jambo la kila siku.

"Semina ya nini?"

"Ya mashine mpya."

"Na ukirudi na matundu matano tumboni utasema mashine ilikupitia?"

Mshonaji anacheka bila kutaka, na kicheko kinageuka machozi. Anaishi na mama yake mzazi na watoto wake wawili. Wiki hizi mbili za chakula chepesi, ambazo daktari huagiza kabla ya upasuaji ili ini lipungue, amezivuka kwa kumdanganya mama kwamba ana vidonda vya tumbo.

"Mama atasema nimeshindwa kufunga mdomo wangu mwenyewe," anasema. "Atasema nakatwa kwa uvivu. Bora asijue."

"Kaa hapo," Mama Mwiko anamwambia, akimsogezea kigoda. "Nikusimulie ujinga wangu."

Kwa ridhaa ya wote wawili, mwandishi wa makala haya naye anavuta ndoo, anaigeuza na kukaa.

Ujinga wenyewe ulianza hivi. Kwa miaka minne Mama Mwiko aliweka akiba robo ya mshahara wake kila mwezi bila kumwambia mtu ni ya nini. Siku ilipofika alimweleza dada yake mkubwa tu, naye akamwapisha asifungue mdomo. Jikoni aliaga kwamba anakwenda kutolewa kidole tumbo.

"Nilijiona mjanja," anasema. "Kidole tumbo kila mtu anakijua, hakuna maswali. Sikufikiria kitu kimoja. Mtu aliyetolewa kidole tumbo akirudi kazini, watu wanafanya nini? Wanamlisha!"

Na walimlisha kwelikweli. Mpishi mkuu, mzee mpole anayestaafu mwaka ujao, alimpokea kwa bakuli la supu yenye mafuta yanayoelea na kilima cha wali. Wenzake walimzunguka. Kula dada, upate nguvu. Maliza, umekonda! Wakati huo, wiki ya sita baada ya upasuaji, alikuwa akimudu vijiko sita vya chakula laini, na alipaswa kuvila kwa nusu saa.

"Ningekataa ningeulizwa. Nikajikaza kisabuni, nikala," anasema. "Nusura wanimalize kwa mapenzi."

Halafu kulikuwa na kuonja. Kosa hili, anasema, lingeweza kumpata mpishi peke yake. Mezani alihesabu vijiko vyake sita kwa uaminifu, lakini asubuhi alikuwa ameshapita kwenye sufuria tisa, kijiko kimoja cha kuonja na kingine cha kuhakikisha.

"Vijiko kumi na vinane! Na ungeniuliza umekula nini, ningekuapia sijatia kitu mdomoni. Sisi wapishi hatuhesabu kuonja. Kwetu kuonja ni kazi, si kula."

Alitapika siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Siku ya nne alianguka mbele ya magunia ya mchele. Mpishi mkuu, akidhani kidonda cha kidole tumbo hakijapona, alimhamishia kwenye kuosha vyombo mpaka apate nafuu. Alifanya hivyo kwa huruma, lakini yeye ilimkata maini.

"Nililia ndani ya beseni la vyombo. Niliona nimepoteza kilo, nimepoteza na kazi yangu. Mpishi asiyeweza kuonja ni wa nini?"

Aliyemwokoa alikuwa dereva wa lori. Walikaa benchi moja kliniki, naye dereva akamwona anavyokunywa maji, funda dogo, anangoja, funda dogo tena. Akainama na kumuuliza kwa sauti ya chini, "Dada, wewe una mwezi wa ngapi?"

"Nikamjibu kwa hasira kwamba mimi si mjamzito! Alicheka mpaka nesi akatoka nje. Akasema, 'Nauliza tangu wakukate. Mimi nina mwaka wa pili.'"

Jumamosi ile dereva alimpeleka kwenye kikundi. Hukutana saa nane mchana katika chumba cha mazoezi ya viungo cha hospitali, watu kumi na mmoja, wengine wamekwishapasuliwa na wengine bado wanajiuliza. Anayesubiri hupewa mwenza aliyetangulia, na kuna sharti moja lisilojadiliwa. Mwenza huanza na habari mbaya.

"Dereva aliniambia nywele zangu zitanyonyoka mwezi wa nne, na zikanyonyoka. Aliniambia nisinywe maji huku nakula. Aliniambia kuna siku nitalilia mkate kama nimefiwa." Anatikisa kichwa. "Nililia, jamani. Kipande cha mkate! Lakini nilimpigia simu, akalia naye kidogo kwa heshima ya mkate, tukaishia kucheka."

Suala la kuonja lilichukua Jumamosi nzima. Mmoja alishauri apike kwa kunusa. Mwingine alijitolea kuja kumwonjea bure, na wote wakamkumbusha kwamba mbele ya sufuria yeye ndiye asiyeaminika kuliko wote. Mwishowe dereva akasema neno.

"Mimi nikitaka kujua dizeli iliyobaki kwenye tangi, siinywi. Nachovya kijiti, nasoma, nafuta."

Hapo ndipo lilipozaliwa bakuli la plastiki. Ncha ya ulimi inasoma, bakuli linapokea kinachobaki. Lakini dereva hakumruhusu aondoke hivihivi. Jumatatu, alisema, utawaambia ukweli jikoni, la sivyo watakulisha mpaka wakuzike.

Aliwaambia. Mpishi mkuu alijifuta uso kwa kitambaa cha jasho, akageukia jiko lake.

"Nilichukia," mzee huyo anakiri leo, akichochea jiko la pili. "Si kwa upasuaji, huo ni mwili wake. Nilichukia kwa sababu nilikuwa namtilia mafuta kwenye supu kwa mkono wangu mwenyewe, naye ananitazama tu!" Siku iliyofuata alimwekea chakula kwenye kisahani cha kikombe, akakifunika vizuri, akamrudisha kwenye sufuria zake. "Na chumvi yake sasa imenyooka kuliko zamani. Zamani akifika sufuria ya saba alikuwa ameshashiba."

Mshonaji bado yuko kigodani. Kengele ya kumaliza mapumziko inalia.

"Na mama akinikatalia?" anauliza.

"Atakukatalia ukiwa umeshamwambia," Mama Mwiko anajibu. "Sikiliza, mdogo wangu. Kukatwa ni saa mbili tu. Baada ya hapo utakula mbele ya mama yako asubuhi, mchana na jioni, miaka yote. Utamficha milo mingapi? Mwambie leo. Akikufukuza, kwangu kuna kitanda."

Mshonaji anafuta macho kwa mkono wa ovaroli na kurudi kwenye cherehani yake. Hakuahidi kitu.

Mchana, foleni ilipokwisha, mwandishi alikaribishwa mezani. Aibu iliyompata ataisema mwenyewe. Alifyeka sahani yake yote na kuangalia kama kuna nyongeza, wakati mwenyeji wake alikuwa kwenye kijiko cha tatu, akitafuna kama mtu anayesoma barua ndefu. Mama Mwiko hula samaki au maharage kwanza, wali baadaye ikibaki nafasi. Alikula vijiko kumi na viwili kwa dakika ishirini na tano, akashusha pumzi na kusema ameshiba. Alionekana ameshiba kweli, na ana raha.

Alieleza pia mpango wake. Ameuomba uongozi wa kiwanda umruhusu kulitumia jiko Jumapili moja kila mwezi, awafundishe ndugu wa wagonjwa kupika vyakula laini vya wiki za mwanzo. Hataki mgonjwa aje peke yake. Anataka waje na mume, na dada, na yeyote anayeshika mwiko nyumbani. "Mimi niliingia peke yangu kama mwizi," alisema. "Sitaki mwingine aingie hivyo."

Jumatano ilipita bila simu ya mshonaji.

Alhamisi saa moja asubuhi, Mama Mwiko yuko kwenye lango la hospitali. Amebadilishana zamu. Dereva naye amefika, shati limepigwa pasi, na anatania walinzi kuficha wasiwasi. Saa moja na robo, hakuna mtu. Saa moja na nusu, Mama Mwiko ameacha kuongea, jambo ambalo dereva anasema halijawahi kutokea.

Ndipo wanamwona. Mshonaji anakuja taratibu na begi dogo, na kando yake anatembea mwanamke mzee mnene mwenye fimbo, uso umekunjwa. Wanasimama. Mama mtu anamtazama Mama Mwiko kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Wewe ndiye mpishi?"

"Ndimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Juzi mwanangu ameniambia. Nimekasirika siku mbili."

"Kwa sababu ya upasuaji, mama?"

"Kwa sababu ya semina!" anafoka. "Mwanangu akatwe tumbo, mimi niko nyumbani namwombea afaulu mtihani wa mashine?"

Dereva anageukia ukuta, mabega yanamtikisika. Mshonaji anacheka huku machozi yanamtoka, na mama yake, bado amekunja uso, anamnyang'anya begi na kulibeba mwenyewe mpaka wodini.

Saa tano na dakika kumi daktari anatoka na kusema kila kitu kimekwenda salama. Mama mtu anakaa chini kwa kishindo na kulia kwa sauti, bila kujali nani anamwona. Mama Mwiko anamshika mkono, naye analia. Ni furaha tupu, hata mfagizi wa korido amesimama na ufagio wake, anatabasamu.

Mama mtu anapotulia, anatazama huku na huku kuhakikisha dereva yuko mbali, kisha anamsogelea Mama Mwiko.

"Hicho kikundi chenu," ananong'ona. "Kinapokea mtu wa miaka sitini na mitatu mwenye sukari?"

Mama Mwiko anamtazama.

"Nina barua ya daktari ya upasuaji huuhuu kabatini, chini ya mashuka. Mwaka wa tatu huu," mama anasema, akichezea fimbo yake. "Sikumwambia mtu. Niliogopa mwanangu atanicheka."



"Jumamosi saa nane, mama," Mama Mwiko anajibu. "Nitakuja kukuchukua mwenyewe. Ila kuna mtu lazima umwambie kwanza."

Mama mtu anautazama mlango ambao binti yake amelala nyuma yake. Anajiinua kwa fimbo, anajifunga kitenge vizuri, anasogeza kiti mpaka kinagusa mlango na kukaa hapo.

"Akifumbua macho tu," anasema.