Meli ya Vita Mezani

Tangu daraja lifunguliwe Kigongo, jirani yetu, nahodha wa kivuko, hana tena mtu wa kumvusha. Kwa hiyo anaunda meli ndogo ya vita, ya mbao na matanga, yenye mizinga sabini na minne, juu ya meza pekee ya chakula nyumbani kwake. Maelezo ya kwenye boksi la vipande vyake yanasema ni pambo. Yeye huziba kila ufa kwa pamba na kijiti cha meno, kama mitumbwi ya ziwani inavyozibwa, kisha huguna kwa kuridhika.

“Baba Rebeka, Jumamosi wanakuja kumposa mwanao. Watakula wapi, melini?” mkewe alimuuliza.

“Gundi haijakauka, mama.”

Wageni walikula sahani zikiwa mapajani. Mshenga alipofika kwenye sifa za ukoo, baba wa kijana alikuwa ameinamia meli.

“Umeziba kwa pamba?”

“Bila pamba si meli, ni kabati.”

“Basi tuone kama inaelea.”

Wazee hao wawili wakaibeba uani kwa heshima ya jeneza. Rebeka, aliyekuwa jikoni amejipamba akisubiri kuitwa, aliitwa kweli: ajaze maji beseni la kufulia.