Pini za Chumba Namba Nne

Idarusi alipewa bafu moja la majaribio. Bwana Sadalla, meneja aliyeletwa na mnunuzi, alimwamkia shikamoo, kisha akamweleza kwa upole kwamba nyumba ya wageni ya shirika la umma imeuzwa na wafanyakazi wanachujwa. Akiweza kubadilisha vishikio vya bomba la mvua vya chumba namba nne bila kubomoa ukuta, vyumba vingine kumi na saba ni vyake na kazi yake inabaki. Akishindwa, wataitwa mafundi wa mjini. Ilikuwa mwaka 1993, na Idarusi alikuwa ametumikia mabomba ya nyumba ile kwa miaka ishirini na miwili.

Vishikio vilikuwa vimeganda, na aliyevigandisha ni yeye mwenyewe. Miaka kumi nyuma, sabuni ilipokuwa ya kibali na koki haionekani dukani, wageni waliondoka na vishikio mikobani. Hawakuwa wezi wa kawaida. Walikuwa wakaguzi na maofisa ugavi, watu wa tai, ila makwao nako koki za bafuni hazikuwa na vishikio. Nyumba nyingine za wageni mjini Tanga zilimpa mgeni ufunguo wa chumba pamoja na koleo la kufungulia maji. Idarusi aliikataa aibu hiyo. Alitoboa kila kishikio hadi kwenye mti wa koki, kile kijiti cha ndani kinachozungushwa, akapigilia pini ya shaba, akaisawazisha kwa tupa hata jicho lisiione. Hakikuibiwa tena hata kimoja, na meneja wa wakati huo alimsifu mbele ya wenzake.

Sasa pini zilikuwa zimemezwa na kutu ya kijani na chumvi. Alianza na cha maji baridi, akiitoboa pini kwa keekee ya mkono. Anjela, mtandika vitanda aliyezaliwa kwenye kambi ya mkonge, alisimama mlangoni na ndoo yake.

"Mzee Idarusi, hivi ulikuwa unafunga maji au unafunga jini?"

"Jini angeshatoka zamani."

Kilitoka adhuhuri, kigae hata ufa hakikupata. Bwana Sadalla alikuja, akatazama saa, akauliza kama cha maji moto nacho kitakula nusu siku. Idarusi akasema hapana.

Basi akaharakisha. Alitoboa pini, akamwagia mafuta ya taa, akabana kishikio kwa spana ya bomba na kuvuta. Hakikusogea. Akaamini ni kutu iliyobaki. Anjela alimshauri apumzike kidogo. Yeye akachomeka kipande cha bomba kwenye mpini wa spana ili apate nguvu zaidi, akavuta kwa mwili mzima. Koki ikageuka yote ndani ya ukuta na bomba likakatika. Maji yakabubujika katikati ya vigae.

Alikimbia kufunga valvu kuu. Aliporudi, upande wa chini wa kishikio ulikuwa umegeukia juu, na pale palikuwa na pini ya pili. Ndipo alipokumbuka kwamba mgeni mmoja alikamatwa chumbani humo na spana mkononi, na yeye Idarusi, kwa hasira, akaongeza pini.

Bwana Sadalla alisimama majini na viatu vyake. Akauliza ni nani aliyepigilia pini zile. Anjela akawahi kujibu kwamba ni marehemu Safari, fundi wa zamani.

"Safari hakugusa bafu hata moja," Idarusi alisema. "Ni mimi. Visiibiwe."

"Siku hizi vimejaa madukani, mzee wangu. Nani aibe?"

Hakusema kwa dhihaka, na Idarusi angependa iwe dhihaka. Kuta zote zingebomolewa kuanzia kesho, na mafundi wa mjini wangekuja na vyombo vyao.

Kabla ya kupanda gari la kumrudisha kwake Pongwe, Idarusi alimwita mlinzi, Timotheo, nyuma ya jiko, akafukua mchanga kwa mikono na kumwonyesha valvu kuu, ili awepo wa kufunga maji yeye akiwa ameondoka. Alimfanya aifunge na kuifungua mara tatu. Mara ya tatu Timotheo aliikaza kupita kiasi. Idarusi akamwambia airegeze kidogo isije ikaganda, akaingoja mpaka iregee.