Majani Yaliyokuwa Bado Yananyonyesha

Kila asubuhi, kabla hata ya kuvua sweta, mama wa bustani wa gesti yetu hapa Kawetele alikuwa anachomeka kidole gumba kwenye udongo, halafu anakinusa. Akiona umelowa sana, anachimba mfereji, maana mvua za huku zinaozesha vitunguu vyake. Si vya kula. Ni vya maua, yale ya zambarau, duara kama mpira, ambayo kila mgeni lazima apige nayo picha. Alivipanda vikiwa vidogo kama maharage, akavilea miaka mitatu mpaka vikachanua. Maua yakiisha, majani yanakuwa ya njano na kulala chini, na hapo ndipo alipokuwa mkali. "Msiguse! Bado yananyonyesha kitunguu," alituambia sisi wa jikoni, na sauti yake ilikuwa ndogo lakini hatukugusa.

Jumamosi kulikuwa na harusi. Bosi akasema majani yale yanaharibu picha, akayafyekesha yote, mama akiwa amefuata samadi. Aliporudi alisimama na ndoo yake kichwani.

"Sasa vitakula nini, bosi? Mwakani hapa hakuna ua."

"Aa, mama, kitunguu ni kitunguu. Si utapanda vingine?"

Miaka mitatu, halafu vingine! Mtu ambaye hajawahi hata kuinama pale!

Mama alitua ndoo, akatoa tope kwenye kucha, moja moja, akapita geti la mbele, la wageni, tulilokatazwa wafanyakazi.

"Mama, geti lenu la nyuma!" mlinzi alimpigia kelele.

Hakugeuka, wala hajarudi.