Deni la Lori na Shamba la Bibi

Baba yangu mdogo nusura auze shamba la kahawa la bibi, kule Mbozi, ili azibe shimo ambalo halikuwepo. Hadi leo nikikumbuka nashusha pumzi kwanza, ndipo nacheka.

Alikuwa na kampuni ndogo hapa Tunduma, malori mawili yanayobeba mchele kutoka Kamsamba kuwapelekea wateja wa upande wa Zambia, wanaolipa kwa kwacha. Lori la pili alilinunua Nakonde, ng'ambo ya mpaka, kwa mama mmoja mfanyabiashara, nusu taslimu, nusu baada ya mwaka. Mwaka ulipokaribia kuisha akaniita nifunge hesabu, maana mimi ndiye mhasibu wa ukoo, tena wa bure.

Nilimkuta amekonda.

"Mwanangu, kwacha imeanguka," akasema. "Hela zetu zimeyeyuka, deni la lori linatushinda. Jumamosi anakuja mtu kununua shamba."

"Shamba lipi?"

Akatazama chini. Mimi hasira zangu ziko karibu, sikuzificha. "Bibi anaishi mle, baba mdogo! Unauza na bibi?"

"Dawa ya deni ni kulipa," akajibu, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulia.

Nikafanya kazi nimenuna. Kila mali ya fedha na kila deni huandikwa kwa thamani yake ya soko ya siku ya kufunga hesabu, si kwa bei ya siku ulipolipata. Upande wa mali, baba mdogo alikuwa hakosei kabisa. Kila asubuhi alipita kwa wabadilishaji fedha pale mpakani, akauliza wangenunua kwacha yake kwa bei gani, akarudi nyumbani na huzuni mpya. Hapo sikuwa na la kusahihisha.

Nikafika kwenye deni. Akanitajia kwa shilingi, bila hata kufikiri.

"Kwani mlikubaliana shilingi?"

"Kwacha. Ila siku ya kununua niliipigia hesabu kwa shilingi, nikamwambia mama yako mdogo, na kanisani tukaliombea hivyo hivyo."

Jamani! Ndivyo tulivyo sisi watu wa mpakani, sokoni tunauza kwa kwacha, nyumbani tunahangaika kwa shilingi. Kwacha aliyokuwa nayo ilishuka kila asubuhi. Kwacha aliyodaiwa, kichwani mwake, ilibaki palepale ilipokuwa siku ya maombi.

Nikalipima deni kwa bei ya siku ya kufunga hesabu, ile ya juu ambayo wabadilishaji wanauzia, kwa kuwa kwacha zilizopungua tungelazimika kuzinunua. Hata hivyo lilikuwa limeshuka sana. Tena kwacha tuliyodaiwa ilizidi tuliyokuwa nayo, kwa hiyo anguko lile lililomkondesha ndilo lililokuwa linatupunguzia mzigo. Pesa zilitosha.

Unadhani alifurahi? Wapi! "Huo ni ujanja wa shule," akasema. "Mama wa watu aliniamini."

Basi nikamburuta hadi Nakonde. Yule mama alitupokea vizuri, "Mwaiseni, mwaiseni," akatupa viti. Baba mdogo, jasho linamtoka, akaomba alipe kwa shilingi zile zile za zamani ili asimpunje mtu. Mama alicheka mpaka akashika kitenge chake kisidondoke.

"Shilingi za nini, baba? Karo nalipa kwacha, unga nanunua kwacha. Tarehe ikifika niletee kwacha zangu tulizopatana, basi."

Tulirudi kwa miguu. Tulipovuka mpaka, baba mdogo akaanza kucheka peke yake katikati ya malori, madereva wanampigia honi. Nilihisi mwili mzima umekuwa mwepesi.

Jumamosi tulikwenda Mbozi kumwomba radhi mnunuzi. Hakukasirika sana, akanywa chai akaondoka. Bibi alikuwa jikoni anachagua maharage. Akauliza yule mgeni alitaka nini.

"Kahawa, mama," akasema baba mdogo haraka.

Bibi hakuinua kichwa. "Wiki iliyopita nilimwona anapita shambani anahesabu hatua zake. Kahawa hupimwa kwa mizani, mwanangu. Kinachopimwa kwa hatua ni ardhi."

Baba mdogo akapiga magoti pale pale kwenye majivu. Bibi akamsogezea ungo wa maharage, wakachagua pamoja.