Mkeka wa Zaina Niliouita Wangu

Nimekosa, wala sina wa kumsingizia. Jina langu naliacha, maana mama mkwe wangu yu hai bado na hajui lolote.

Nililelewa nyumba moja na Zaina, binti wa mama yangu mkubwa, naye ni dada yangu kwa umri. Usichana wetu tulitengeneza mkeka wa ukindu pamoja. Niseme kweli: mimi nilichana majani na kuyatia rangi. Kusuka alisuka yeye, nyekundu na nyeusi zikikimbizana mpaka pembeni, na kuushona akaushona yeye.

Akaja mama mmoja wa Minago kumtafutia mwanawe mke. Tukamtandikia mkeka ule. Akaupapasa weee, kisha akauliza, "Hii mukeka ni mukono ya nani?"

Zaina alikuwa ameenda ziwani kuchota maji. Nikasema ni wangu.

"Yote?"

"Yote, mama."

Basi nikachumbiwa mimi, mdogo. Zaina aliporudi na mtungi kichwani akakuta nasifiwa, alinitazama tu, akaenda kumimina maji. Hakunisema kwa mtu. Heri angenitukana!

Harusi haijapoa, mama mkwe akaniletea mzigo wa ukindu nisuke mwingine kama ule. Jamani! Nikajifanya vidole vinaniuma. Vimeniuma hivyo ndoa yangu yote. Nimekandwa kwa mawese, nimenyweshwa dawa chungu kwa ugonjwa nisiokuwa nao. Mkeka ule, niliokuja nao kwa mume, nikauficha darini. Kwa Zaina, alikoolewa Kizuka, sikukanyaga kwa aibu.

Sasa Wadachi wanaotutawala wametuamuru tuhame ufukweni kwa ajili ya malale, ule ugonjwa wa usingizi uletwao na mbung'o. Nikiwa nashusha vitu darini, mkeka ukaniangukia, umejaa masizi. Nikaufuta. Zile rangi bado zinakimbizana. Nilikaa chini nikalia, kwani nilikuwa nimeshasikia kwamba malale yamempata Zaina, yuko kwenye kambi ya wagonjwa.

Nikajitwika mkeka nikaenda. Amekonda dada yangu, usingizi unamchukua hata akiwa anaongea. Nikamtandikia. Akapitisha kidole polepole kwenye zile rangi.

"Iko muzuri sana, mudogo wangu. Ni mukono ya nani?"

"Yako, dada. Yote ni yako. Mimi niliwadanganya watu."

Akacheka kidogo, akidhani namtania. "Hapana. Mimi sikujuaka kusuka hivi." Akalala.

Alipoamka nikamwambia tena. Nimemwambia mpaka nimechoka, na haamini; malale yamemsahaulisha.

Wewe unayesifiwa kwa kazi ya mwenzako, nenda ukamrudishie sasa hivi, angali anaijua kuwa ni yake. Usingoje kama mimi. Mkeka nimemwachia kule kambini. Anailalia kazi ya mikono yake mwenyewe, na kila nikienda kumwona, akifumbua macho ananishukuru, "Murakoze, mudogo wangu. Umenisukia mukeka muzuri."