Tulipokuwa Tukipika Harufu

Jumamosi jioni mpishi wa shule yetu hukaanga vitunguu. Siku zingine ni maharagwe ya kuchemsha na chumvi, chakula kisicho na siri wala matumaini, lakini Jumamosi kuna supu ya nyama, na kabla ya nyama kuna vitunguu. Harufu ikivuka uwanja na kuingia darasani, kidato cha tatu kizima huacha kusoma. Watu hupiga madawati. Mimi huangalia mlango.

Wenzangu wameiona hiyo tabia na wameifanyia mzaha mpaka mzaha wenyewe umechakaa. Kevo anangoja polisi. Kevo alikula kuku wa mwalimu wa zamu. Mimi hucheka nao na kuongeza yangu, kwa sababu ukicheka wa kwanza hakuna anayekuuliza swali la pili. Hilo nililijua kabla sijajua kugawanya. Lakini wewe nitakuambia, maana hatulali bweni moja na huna mtu wa kumpelekea hii habari.

Nilikuwa na miaka kumi, na Shiru, mdogo wangu, alikuwa na mitano. Tuliishi Bondeni, kwenye nyumba za kanjo, za baraza la mji, zile za zamani ambazo ukuta kati yako na jirani unapanda mpaka kimo cha mtu mrefu halafu unachoka. Kutoka hapo kwenda juu ni hewa na mabati ya wote. Ukipiga chafya, jirani anakuambia afya. Jirani yetu alikuwa Mama Halima, ambaye alikaanga sambusa za kuuza na alijua habari za ploti nzima bila kutoka kwenye kigoda chake.

Mama yetu aliuza viazi na vitunguu kwenye gunia alilotandaza kando ya barabara. Alikuwa mtu wa kucheka sana. Huu mdomo nimeurithi kwake. Alikuwa mama mzuri mpaka saa fulani ya jioni. Halafu kulikuwa na chupa, na Mama akianza kucheka na chupa, mimi na Shiru tulisahaulika kama nguo kwenye kamba.

Asubuhi moja aliamka mapema, akamsuka Shiru vizuri, akiwa na mkono mtulivu ambao hatukuwa tumeuona kwa muda. Aliniambia anaenda Olenguruone kutafuta viazi, kwamba kule juu viazi ni vingi na vya bei ya chini.

"Nitarudi Jumapili," akasema. "Wewe ndiye baba ya hii nyumba. Na usiambie mtu siko. Watu wa hapa wako na midomo."

Jumapili ikaja. Ikaja na nyingine nyuma yake, na Mama hakuwa ndani ya yoyote.

Sasa, baba ya nyumba alikuwa darasa la nne na alikuwa bado anaogopa bata. Lakini kulikuwa na kitu nilichokiogopa kuliko bata. Kijana mmoja wa darasa la sita, ambaye alikuwa amewahi kuishi kwenye makao ya watoto, alikuwa ametueleza mambo ya huko: wavulana wanapelekwa kwao na wasichana kwao, na si nyumba ya pili, ni upande mwingine wa mji. Tangu hiyo siku nilijua kazi yangu. Asijue mtu. Tukijulikana, nitampoteza Shiru.

Kwa hivyo nikampatia Mama kazi. Niliwaambia watu ameandikwa kufagia hospitalini, shifti ya usiku. Ulikuwa uongo wa kufana, na hata leo nikiuangalia naona umeshonwa vizuri. Mchana amelala, tafadhali msigonge. Jioni ametoka saa hii tu, mmepishana. Mtu wa shifti ya usiku hapatikani saa yoyote. Nilikuwa nikikiongelesha kitanda kitupu, kwa sauti ya kuvuka ukuta: "Mama, nimekuwekea chai hapa." Shiru alipewa kazi ya kukohoa. Alijifunza kukohoa kama mtu mzima wa kilo sabini, na alijisikia sana kwa hicho cheo.

Unga ulikwisha. Viazi vikaisha. Kilichobaki ni neti ya vitunguu ambavyo Mama hakuwa ameviuza. Mchana tulipata githeri ya shule, mahindi na maharagwe, na nusu ya yangu nilikuja nayo kwenye karatasi ya nailoni kwa ajili ya Shiru. Jioni ndiyo ilikuwa shida. Jioni kila nyumba ya ploti hutoa harufu yake juu ya ukuta, na nyumba isiyotoa inaanza kuulizwa. Mama Halima aliniuliza mara moja, hivi kwa upole tu, "Kevo, kwenu mnapika saa ngapi siku hizi?"

Jioni iliyofuata niliwasha stovu, nikaweka tone la mafuta kwenye sufuria na nikakata kitunguu kimoja. Unajua jinsi kitunguu kinavyopiga kelele kikiguswa na mafuta ya moto. Kitunguu kikikaangwa kinatangaza kwamba nyumba hii ina mama. Nikakikaanga mpaka kikawa rangi ya udongo, nikamwaga maji, nikatia chumvi, tukanywa ile kitu na tukalala. Mama Halima hakuuliza tena. Nikajiona nimeweza dunia, na ikawa hivyo kila jioni.

Macho ya Shiru yalianza kuwa makubwa. Mimi nilidhani anakua.

Halafu akaja Madam. Hatukujua bado kwamba ni afisa wa watoto, na nikikumbuka sasa naona kwanza viatu: raba zenye matope makavu, miguu midogo, halafu mkoba mkubwa kumzidi. Mlango ulikuwa wazi kwa sababu ya moshi wa stovu, na kitunguu kilikuwa ndani ya sufuria kikitangaza.

"Hodi hapa."

"Niaje, Madam," nikasema, maana nilikuwa nimeshaamua kuchekesha.

"Poa. Mama yako ako?"

"Ah, mmepishana sasa hivi. Lazima mmegongana hapo kona."

"Amevaa nini?"

Hilo sikuwa nimeliandaa. "Nguo," nikasema.

Alicheka. Akaingia na kuketi kwenye kile kijerikeni cha maji cha manjano, kama mtu wa nyumbani.

"Na wewe ni nani, boss?"

"Baba Shiru. Huyu ndiye Shiru. Huwa hatumkodishi."

Akacheka tena. Nikasikia hata Mama Halima anacheka upande wa pili. Nikajua nimeshika usukani. Kisha yule mwanamke akavuta pumzi kwa pua, akanyoosha miguu na kusema, "Harufu tamu hii. Mimi nimezunguka tangu asubuhi bila kitu tumboni. Wacha kiive, nionje kidogo ndio niende."

Wewe umekulia hapa, unajua. Mtu akikukuta unapika, huwezi kumwambia aende. Hata kama ni mtu wa kuuza sabuni, atapata kijiko. Hakuna uongo wa kutoka hapo. Ningeweza kumficha Mama, lakini singeweza kumnyima mgeni chakula ambacho pua yake ilikuwa imeshakiona.

Kwa hivyo nikakoroga. Nikaongeza maji. Nikamwambia hiki ni chakula cha aibu, kikiona wageni kinakataa kuiva. Nikamwambia mpishi wa kwanza alifutwa kwa kuharakisha. Nikamwigiza mwalimu wetu mkuu akitafuta miwani iliyo usoni mwake. Alicheka mpaka akafuta macho kwa kona ya leso, kicheko cha kweli, sio kile cha wakubwa cha kumpa mtoto. Lakini hakusimama. Nilimaliza vichekesho vyote nilivyokuwa navyo na vingine vya Mama, na bado alikuwa ameketi pale, mikono kwenye magoti, akingoja kula.

Shiru ndiye alimwonea huruma.

"Madam," akasema kutoka kitandani, "hiyo huwa haiivi. Sisi huwa tunapika harufu peke yake."

Ukuta ukanyamaza. Sambusa za Mama Halima ziliungua siku hiyo, nilizisikia.  Madam aliinuka, akazima stovu, akafunika sufuria kama vile ndani yake kulikuwa na kitu cha mtu cha kuheshimiwa.

Mama Halima aliingia na sahani ya ugali na maharagwe, leso imeanguka mabegani. "Kevo," akasema, "kila jioni nasikia vitunguu najua mko sawa. Mara ngapi nimetaka kuleta sahani, nikasema hapana, mama yake ataona namdharau."

Shiru alikula kwa mikono miwili. Sikumwambia akule polepole. Nilimgeukia Madam na sikuwa na mzaha wowote uliobaki.

"Mtatutenganisha?"

 "Sijui," akasema.

"Si useme tu hapana."

"Siwezi kukuambia hapana, Kevo. Nitatafuta mtu wenu, na sitaacha kutafuta. Lakini saa hii sijui."

Nilimchukia kwa neno hilo. Wakubwa wote niliowajua walikuwa na jibu. Kudanganya mtoto ni kazi rahisi, hata mimi nilikuwa naiweza, na huyu alikuwa anashindwa nayo mbele yangu.

Tulilala kwa Mama Halima, na kesho yake tukatenganishwa. Tulianzia makao ya wasichana. Madam aliongea na matroni kidogo, akatia sahihi, halafu akanishika mkono. Shiru alikuwa amekamata sweta yangu kwa nyuma, na matroni alimtoa kidole baada ya kidole. Madam alisema lazima tuende, kuna nyumba nyingine inamngoja. Tulipofika barabarani, nilikuwa bado nasikia Shiru analia. Sikio langu lilimsikia hata mahali ambapo haikuwezekana tena.

Mara ya kwanza niliyopelekwa kumwona, alikuwa amepata mashavu. Hakukimbia kuja kwangu. Alisimama karibu na msichana mwingine, akaniangalia kama mtu anayejaribu kukumbuka jina. Nilifurahia hayo mashavu, na yaliniuma. Mimi nilikuwa nimempa kila nilichokuwa nacho akakonda, na watu wasiojua hata kwamba anaogopa giza walikuwa wamemnenepesha.

Madam alimpata shangazi ya Mama huko Kabazi, mzee wa watu mwenye shamba dogo na ng'ombe mmoja mkali, tunayemwita Shosho. Shosho alisema anachukua wawili au hachukui. Tumekaa kwake tangu hapo. Mama alirudi, baadaye sana. Alikuja Kabazi akiwa amekonda, akaketi karibu na mlango na kusema yule mwanamke alimwibia watoto. Akaondoka kabla ya chai. Huwa anakuja, huwa anapotea. Hakuna anayeuliza siku.

Kuna mambo ambayo baba ya nyumba hakuyaelewa. Nilidhani kile kitunguu kinatulinda. Kumbe kila nilipokikaanga nilikuwa namwambia Mama Halima abaki na sahani yake. Ningekuwa mtoto mjinga kidogo, wa kulia mlangoni, tungekula wiki ya kwanza. Watoto wajanja ndio hukawia kuonekana. Sasa najua pia kwamba Madam hakuhadaiwa na vichekesho hata kimoja. Alivicheka kwa sababu vilikuwa vizuri, na akabaki ameketi kwa sababu mtoto hachekeshi hivyo bila sababu. Watu wengi wangefanya moja tu kati ya hayo mawili.

Muhula uliopita mwalimu wa ushauri alituuliza kila mtu anataka kuwa nani. Nikasema afisa wa watoto. Darasa likacheka, wakidhani kuna sehemu ya pili inakuja. Mwalimu akasema, "Kwa huo mdomo, wewe enda redioni." Nikawaacha wacheke. Nilikuwa sijamwambia mtu ambaye jibu lake nililiogopa.

Nilimwambia likizo ya Agosti, tukibambua maharagwe nyuma ya nyumba ya Shosho. Shiru ana miaka kumi na miwili sasa, na ana ulimi unaokata kuliko wangu. Hakucheka.

"Yaani utakuwa unachukua watoto wa watu."

"Saa zingine."

"Na wakilia?"

Nilitafuta kitu cha kuchekesha. Hakikuja. "Sitawaambia wanyamaze."

Akabambua ganda moja, akabambua lingine. "Yule Madam hakukaa," akasema. "Nilikuwa nalia na akaenda na wewe. Hata hakukaa chini."

Ningeweza kumtetea. Najua kulikuwa na nyumba nyingine kweli, na labda ndani yake kulikuwa na watoto waliokuwa na hali mbaya kuliko yetu. Najua bila yeye huenda singekuwa na dada wa kuniuliza maswali. Lakini nilikuwa pale, mkono wangu ndio ulioshikwa, na Shiru alikuwa anasema ukweli. Nafikiri nimeitaka hii kazi kwa sababu mbili zisizopatana: kwa vile Madam aliketi, na kwa vile hakuketi.

"Najua," nikamwambia.

Shosho alimwita kutoka jikoni, na yeye akainuka akakung'uta sketi. Alichukua bakuli la maharagwe, langu na lake, akafika mlangoni, kisha akageuka.

"Basi soma," akasema. "Lakini wewe ukae."