Tovuti kwa Debe

Nina mashine tatu za kuangulia mayai huku Theta, na ninauza vifaranga wa siku moja. Hawa hawana subira: kesho ni wa siku mbili, na mteja hawataki tena. Mwezi mmoja oda zilipotea kati ya daftari na simu nilizokosa kupokea, nikabaki na vifaranga mia mbili. Wengi walikufa wakisongamana kwenye kona. Nililia, sioni haya kusema. Hasara nyingine kama hiyo na ningeuza mashine. Ndipo nikatafuta mtu wa kunitengenezea tovuti ya kupokea oda.

Nilimpata binti mmoja wa Kiuu, mwenye digrii na mtoto mchanga, anayefanyia kazi chumbani kwake. Aliniambia ninaweza kumlipa kwa kazi nzima au kwa saa, nichague. Kazi nzima sikutaka hata kusikia. Fundi aliyenijengea banda kwa kandarasi alichukua nusu ya pesa akahamia mjengo mwingine Makongeni, na mpaka leo mlango wa banda unafungwa kwa jiwe. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Kwa saa nako, nani angehesabu? Yeye yuko Kiuu, mimi Theta. Mume wangu alipendekeza niwe ninaenda kushinda huko nikimsimamia, kama tunavyosimamia waashi. Nadhani alitaka tu nyumba itulie kidogo.

Nikajiona mjanja. Mama yangu alichuma kahawa Ruiru miaka mingi, akilipwa kwa debe. Debe likijaa unalipwa, lisipojaa hulipwi, hakuna maneno. Nikamwambia binti nitamlipa kwa kila ukurasa. Alisita, akasema kurasa chache zingetosha. Nikamwona mvivu. Nilichosahau ni kwamba mimi mwenyewe, nikimsaidia mama shambani, nilikuwa nikitia kahawa mbichi chini na kufunika kwa nyekundu juu, karani asione.

Basi kurasa zikaja, kumi na nne kwa jumla. Kulikuwa na ukurasa wa jina, ukurasa wa namba ya simu, na ukurasa wa kuuliza kama hiyo namba ni yako kweli. Mmoja ulikushukuru, na uliofuata ukakuuliza kama una hakika. Kila ukurasa ulipoingia nilituma pesa, kisha nikamwonyesha jirani jinsi biashara yangu ilivyonenepa.

Siku za kuangua zikakaribia. Nilitarajia vifaranga mia nne siku ya Alhamisi, na Jumatatu nilikuwa na oda za thelathini na mmoja tu. Nikampa mume wangu simu aagize kama mteja. Alibonyeza, akabonyeza, chai ikapoa. Kwenye ukurasa wa tisa aliiweka simu mezani.

"Nikifika mwisho," akasema, "huyu kifaranga atakuwa ameanza kutaga."

Jumanne asubuhi nilienda Kiuu na hasira zangu zote. Nilimkuta binti akimnyonyesha mtoto, nikamwuliza ni kwa nini ameamua kuniua. Hakugombana nami.

"Anti, wewe ulikuwa unanunua peji," alisema. "Mimi nikakuuzia peji. Hakuna siku uliniuliza vifaranga watauzwa aje."

Niliona haya kweli. Nikampokea mtoto, nikambeba, naye binti akaanza kufuta kurasa. Kufikia saa nane mchana zilibaki kurasa tatu. Oda zikaanza kuingia jioni hiyo hiyo, na Alhamisi watu wa pikipiki walikuwa wamepanga foleni langoni wakingoja maboksi yao. Walibaki vifaranga kumi na wawili, nikawalea mwenyewe.

Ijumaa nilirudi kumlipa kazi ya kufuta, ila sikujua nihesabu vipi. Huwezi kumlipa mtu kwa debe alilomwaga. Nikamwambia aseme mwenyewe, kazi yote tangu mwanzo ilikuwa ya pesa ngapi.

Alifikiri kidogo, akataja bei. Ndiyo angeniambia siku ya kwanza, alisema, kama ningemwuliza. Nilikuwa nimeshamlipa karibu mara mbili yake.

Na yeye alijua. Alichukua simu yake, akauliza kwa sauti ya chini kama anirudishie zilizozidi. Nikamwambia akae nazo, amnunulie mtoto nepi. Kisha sote wawili tukamtazama mtoto, maana kutazamana kulikuwa kugumu.